Kabla ya Kununua Antibayotiki za Mafua

Mvua ndefu zikianza na ukungu ukatanda juu ya majani chai, maswali kutoka Kericho na Bomet huwa yaleyale. Nimekohoa wiki nzima, ninunue Amoxil? Mtoto ana kamasi za kijani, nimpe ile dawa ya maji iliyobaki mwezi jana? Nahisi kinga yangu imeshuka, je, antibayotiki itaipandisha? Wachumaji wanaolipwa kwa kilo huuliza kwa uchungu zaidi: nikimeza dawa kali leo, si kesho nitarudi shambani?

Nayajibu hapa kwa pamoja, kwa hatua ambazo unaweza kuzifuata nyumbani, kwenye kemisti na dispensari.

## Jibu kwanza

Mafua, influenza, Uviko, kikohozi kinachoanza na pua kuvuja, surua, tetekuwanga, matubwitubwi na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto wadogo huletwa na virusi. Antibayotiki huua bakteria au huwazuia kuzaana, na virusi havina zile sehemu ambazo dawa hizi hushambulia. Kutibu mafua kwa Amoxil ni sawa na kupulizia shamba dawa ya magugu ili kuzuia mvua ya mawe: mvua itapita kwa wakati wake, na dawa itakuwa imeua vitu vingine.

Antibayotiki hazipandishi kinga pia. Wakati wa Uviko watu wengi walinunua antibayotiki ya azithromycin wakiamini ingewalinda. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililofuatilia maelfu ya wagonjwa waliolazwa, lilionyesha kwamba dawa hiyo haikupunguza vifo vya ugonjwa huo.

## "Mbona mara iliyopita nilimeza nikapona?"

Kwa sababu ulikuwa karibu kupona. Watu wengi hufika kemisti siku ya tatu au ya nne, mafua yakiwa yamepamba moto. Siku mbili baadaye yanashuka yenyewe, na sifa yote inakwenda kwa vidonge.

Tatizo jingine ni kwamba tunatarajia kupona upesi mno. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti nyingi za kikohozi cha ghafla. Watu walidhani kingeisha kwa siku 7 hadi 9, kumbe wastani wake ulikuwa karibu siku 18. Ukiingia wiki ya pili ukikohoa, huenda ugonjwa unaendelea kama kawaida yake na hakuna kilichoharibika.

Ratiba hii inafaa kuwa karibu:

- Pua kuvuja na kupiga chafya: siku 7 hadi 10.
- Koo linalouma pamoja na mafua: karibu wiki 1.
- Influenza: homa na maumivu ya mwili siku 3 hadi 7, uchovu hadi wiki 2 au zaidi.
- Kikohozi baada ya mafua: hadi wiki 3, kikipungua polepole.

Kamasi za kijani au za manjano si kipimo. Rangi hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopigana, na hizo hupigana na virusi pia.

Lililo muhimu kulitazama ni mwelekeo. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, kisha homa ikarudi kwa nguvu siku chache baadaye na kifua kikaanza kuchoma, anaweza kuwa amepata nimonia ya bakteria juu ya virusi. Huyo asingoje ratiba. Aende hospitali siku hiyohiyo.

## Kinga ya mwili hupatwa na nini

Nadharia ni ndefu, kwa hiyo nitachukua matokeo tu. Utumboni mwetu wanaishi bakteria wengi ambao hutusaidia kusaga chakula, hubana nafasi ya vijidudu vibaya, na huiweka kinga macho. Antibayotiki haiwachagui. Inawapiga wote.

- Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa panya antibayotiki kisha wakawaambukiza influenza. Kinga ya panya hao ilijibu kwa unyonge kuliko ya wenzao.
- Mwaka 2019 utafiti wa Marekani uliwapa watu wazima wenye afya antibayotiki kali kwa siku 5, kisha chanjo ya influenza. Waliokuwa na kinga ndogo dhidi ya virusi hivyo tangu mwanzo walitengeneza kingamwili chache zaidi.
- Nchini Denmark, watu wazima 12 wenye afya walipewa mseto wa antibayotiki 3 kwa siku 4. Bakteria wengi wa utumbo walirudi baada ya mwezi mmoja na nusu, lakini aina kadhaa zilikuwa hazijarudi hata baada ya siku 180.

Panya si mtu, na dozi za majaribio haya zilikuwa nzito. Simwambii mtu kwamba kidonge kimoja kitamwondolea kinga. Ninachosema ni kwamba anayemeza antibayotiki ili "kujenga kinga" anaomba msaada kwa dawa isiyoweza kumpa, na inayoweza kumpunguzia alichonacho.

Hasara ya pili huwafikia hata wasiomeza. Bakteria wanaosalia baada ya dozi ni wale waliozoea dawa, na mtu anaweza kuendelea kuwabeba hadi mwaka. Katika nyumba ya chumba kimoja, mnakolala watu watano, bakteria hao huhama kwa mikono, vyombo na choo. Mwaka 2019 pekee, bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, na Afrika Magharibi na Mashariki zikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi.

Usitoke hapa ukiiogopa dawa. Nimonia ya bakteria huua watoto, na amoxicillin, ndiyo hiyo Amoxil, huiponya. Kazi yetu ni kutenganisha siku ya dawa na siku ya kungoja.

## Mtoto anakohoa: hesabu pumzi

Kama utabaki na jambo moja tu kutoka ukurasa huu, liwe hili. Wahudumu wa afya hutumia kipimo hiki kila siku, na mzazi mwenye simu anaweza kukifanya.

1. Ngoja mtoto atulie. Asiwe analia, ananyonya, wala amefunikwa blanketi zito. Akiwa amelala ni vizuri zaidi.
2. Inua shati uone tumbo na chini ya kifua.
3. Washa saa ya simu, dakika 1 kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa maana pumzi za watoto hukatika na kurudi.
4. Kila tumbo linapopanda, hesabu moja.
5. Ukipata idadi ya juu, pumzika kidogo kisha uhesabu tena.

Pumzi ni za kasi kupita kiasi zikifika:

- 60 au zaidi kwa dakika, mtoto chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1;
- 40 au zaidi, mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5.

Ukikuta hivyo, mpeleke kituo cha afya leo. Huenda ni nimonia, na hapo ndipo dawa inapohitajika kweli.

Nenda bila kuhesabu chochote ukiona dalili hizi:

- Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi.
- Hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu.
- Amepata degedege.
- Amelegea, haamki vizuri.
- Anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi ilhali ametulia.
- Ana umri chini ya miezi 2 na ana homa ya aina yoyote.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni hili: mzazi anaona kifua kinabonyea, anaanza na dawa ya maji ya kemisti "tuone kama itashika", na siku mbili zinapotea. Mtoto wa hali hiyo anaweza kuhitaji oksijeni, na oksijeni haiuzwi kwa kemisti. Kericho, Kapkatet, Litein, Kaplong, Longisa, Tenwek: hospitali yoyote iliyo karibu nawe, nenda.

## Homa: pima kabla ya kutibu

Wapo wanaoamini kwamba huku juu kwenye baridi hakuna malaria. Ipo. Katika miaka ya 1990 mashamba ya chai ya Kericho yalikumbwa na milipuko mikali, na kumbukumbu za hospitali ya kampuni ya Brooke Bond zikawa msingi wa tafiti nyingi juu ya malaria ya nyanda za juu. Kinga ya watu wa huku dhidi yake ni ndogo kwa sababu hatuipati mara kwa mara. Ukitoka kutembelea Muhoroni, Kisumu au Soin na homa ikakushika, pima malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha tone la damu kidoleni hutoa jibu ndani ya nusu saa. Amoxil haitibu malaria, na kila siku unayoimeza bila kupima ni siku ya hatari.

Kuna vipimo viwili ambavyo hupotosha watu wengi wa eneo hili.

Taifodi kwa kipimo cha Widal. Kipimo hiki kinaweza kusema "ndiyo" kwa mtu aliyewahi kuugua zamani, au mwenye homa nyingine kabisa. Jibu lake peke yake halitoshi kuthibitisha taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Ukiambiwa una taifodi kila baada ya miezi miwili, uliza umepimwa kwa njia gani.

Brusela. Ugonjwa huu upo kweli, hasa kwa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa au wanaozalisha ng'ombe. Lakini kile kipimo cha haraka kilichozoeleka kwenye maabara ndogo kilichunguzwa magharibi mwa Kenya na kukutwa kikiwaita wagonjwa watu wasio nao. Tiba ya brusela ni antibayotiki 2 kwa pamoja kwa wiki 6. Usianze safari ndefu hivyo kwa kipimo kimoja chenye shaka. Omba cha kuthibitisha.

Na kikohozi kilichopita wiki 2, ingawa huenda ni cha mafua tu, hasa kikiwa na jasho la usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, ni cha kupimwa kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Dozi za ciprofloxacin au levofloxacin za kubahatisha ni hatari hapa, kwa sababu hutuliza TB kwa muda na kuificha kwa daktari.

## Koo: hapa usipuuze

Nimesema maumivu mengi ya koo ni ya virusi, na ni kweli. Lakini kuna bakteria wa koo, streptokokasi, ambao wasipotibiwa wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikajirudia huharibu milango ya moyo. Tenwek, pale Bomet, hufanya upasuaji wa moyo, na wengi wanaofika kurekebishiwa milango hiyo ni vijana ambao safari yao ilianza na koo. Inaniuma kila ninapofikiria kwamba penicillin, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ingeweza kuwaepusha.

Mpeleke mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, akaangaliwe koo ukiona haya kwa pamoja:

- koo linauma ghafla, na kumeza ni shida;
- ana homa;
- hana kikohozi wala pua kuvuja;
- tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma;
- kuna utando au madoa meupe kwenye tonsili.

Ikithibitika, dawa ni siku 10 kamili, au sindano 1 ya benzathine penicillin. Hata ukichelewa, tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado huzuia homa ya baridi yabisi. Usiache siku ya tatu kwa kuwa maumivu yameisha.

## Siku za kungoja: ufanye nini

Kungoja si kukaa bure.

- Panadol kwa homa na maumivu, kwa dozi ya umri na uzito. Usimpe mtoto aspirini.
- Maji, uji, supu, maziwa ya mama. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi.
- Asali kijiko kimoja kwa kikohozi cha usiku, lakini kamwe si kwa mtoto chini ya mwaka 1. Inaweza kumtia sumu mbaya.
- Maji ya chumvi puani kwa mtoto aliyeziba pua kabla ya kunyonya. Nunua matone yaliyotengenezwa tayari.
- Moshi. Mtoto anayekohoa asikae jikoni kuni zinapowaka. Moshi wa kuni humwongezea hatari ya nimonia kuliko baridi ya nje ambayo kila mtu anaihofia.
- Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka kumeunguza watoto wengi. Uache.
- Kuhara kwa maji: ORS kila anapoharisha, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, 10 kwa aliye chini yake. Flagyl haihitajiki. Kuhara damu ni jambo jingine: hospitali.

## Dukani: useme nini

Ukiingia na kusema "Daktari, nipe Amoxil ya mia," utauziwa Amoxil ya mia. Kwa sheria ya Kenya antibayotiki ni dawa za cheti cha daktari, na Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosimamia maduka. Sote tunajua hali ilivyo mitaani. Basi badilisha unavyoanza.

Sema: "Daktari, mtoto ana miaka mitatu, anakohoa siku ya nne, nimehesabu pumzi ni 32, anacheza na anakula. Kuna haja ya antibayotiki, au tungoje?"

Mfamasia mwaminifu atafurahi, kwa sababu umempa nafasi ya kutouza. Akisisitiza kukuuzia, muulize:

1. Dawa hii ni ya ugonjwa gani?
2. Jina lake ni lipi, na muda wake unaisha lini? Nionyeshe pakiti.
3. Ni ngapi, kila baada ya saa ngapi, kwa siku ngapi?
4. Ndani ya mchanganyiko huu kuna steroidi kama prednisolone?

Swali la nne lisikupite. Steroidi humfanya mgonjwa ajisikie mzima haraka, na hizo kwa hakika zinaweza kushusha kinga zikitumiwa ovyo.

Kataa haya:

- Vidonge vya rangirangi ndani ya bahasha ya kaki isiyo na jina.
- Nusu dozi kwa kuwa hela hazitoshi. Kama ugonjwa unahitaji antibayotiki, tafuta dozi nzima. Kama hauhitaji, usinunue hata kimoja.
- Sindano kwa sababu "ni kali kuliko vidonge". Kwa virusi, vyote viwili havifanyi kitu.
- Dawa ya jirani, au iliyobaki kwenye kabati.

Alexander Fleming, aliyegundua penicillin mwaka 1928, alionya kuhusu jambo hili mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisema kwamba dozi ndogo za mtu kujitibu zingefundisha bakteria kuizoea dawa.

## Ukiandikiwa, meza hivi

Daktari akishakupima na kukuandikia, mambo yamebadilika. Sasa imeze sawasawa.

Saa. Mara 3 kwa siku maana yake kila baada ya saa 8. Kwa mchumaji, ratiba rahisi ni saa 12 asubuhi kabla ya kutoka, saa 8 mchana, na saa 4 usiku. Beba kidonge cha mchana mfukoni kikiwa ndani ya pakiti yake ili kisilowe.

Chai na mursik. Sisi watu wa huku tunameza dawa na chai ya maziwa. Kwa amoxicillin haina madhara. Kwa ciprofloxacin na doxycycline ni kosa kubwa: kalsiamu ya maziwa huishika dawa tumboni na sehemu yake hupita bila kuingia damuni. Meza kwa maji, na acha maziwa, mursik (maziwa ya mgando) na chai ya maziwa angalau saa 2 kabla na saa 2 baada.

Doxycycline imezwe kwa glasi nzima ya maji, na usilale papo hapo, kwani huchoma koo. Hufanya ngozi iungue upesi kwa jua, kwa hiyo ukiwa shambani vaa kofia na mikono mirefu. Mjamzito asiitumie bila daktari kuamua.

Dawa ya maji ya mtoto. Chemsha maji, yapoe kabisa, jaza hadi alama ya chupa, tikisa kila mara. Kwa kawaida inayobaki hutupwa baada ya siku 7. Pima kwa kipimo kilichokuja nayo, si kijiko cha jikoni.

Madhara. Kuhara kidogo ni kawaida. Kuhara maji mara nyingi, utando mweupe mdomoni, au muwasho wa ukeni, mrudie aliyekuandikia. Midomo kuvimba, vipele vinavyonyanyuka ghafla, au kushindwa kupumua: acha dawa, nenda hospitali sasa hivi.

Kuna tahadhari nyingine ambayo ni wachache wanaoelezwa. Virusi vyenyewe huleta vipele kwa watoto. Mtoto mwenye virusi akipewa Amoxil bila sababu, kisha akatoka vipele, ataandikiwa "mzio wa penicillin" maisha yake yote, hata kama hana. Siku atakapougua kweli, atanyimwa dawa nzuri na kupewa ya ghali zaidi. Kama mtoto wako ana alama hiyo kwenye kijitabu, mweleze daktari jinsi ilivyotokea.

## Wasioguswa na ushauri wa kungoja

Tafadhali usimsomee makala haya mtu wa kundi lolote kati ya haya ukamwambia aache dawa:

- Anayeishi na HIV na kliniki imemwandikia Septrin ya kila siku. Hiyo ni kinga dhidi ya maambukizi mengine. Aendelee.
- Aliye kwenye dawa za TB, au za kuzuia TB.
- Mwenye ugonjwa wa milango ya moyo anayechomwa penicillin kila wiki 3 au 4. Kuruka sindano moja kunaweza kurudisha homa ya baridi yabisi.
- Mtoto mchanga, mjamzito, mzee, mgonjwa wa sukari, selimundu au saratani. Wao wafike kituoni mapema. Wasingoje siku kumi.

## "Siwezi kulala nyumbani, nalipwa kwa kilo"

Huu ndio ugumu wenyewe, na sitausawazisha kwa maneno matamu. Antibayotiki haitakurudisha shambani siku moja mapema kama ugonjwa ni virusi. Utakuwa umepoteza kilo za leo pamoja na hela za dawa.

Unachoweza kudai kipo kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mwajiriwa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu malipo, katika kila miezi 12. Masharti ni mawili: umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na uwe na cheti cha ugonjwa kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu. Kwa hiyo nenda dispensari ya kampuni au ya serikali siku ya kwanza. Mwenda kemisti hurudi na vidonge bila cheti. Kama una chama cha wafanyakazi, muulize mwakilishi wako mkataba wenu unaongeza nini juu ya hapo.

Mkulima mdogo anayepeleka majani kituoni hana bosi wa kumpa likizo. Kwake nasema: siku mbili za kwanza za homa ndizo za kuomba msaada wa jirani. Usisimame kwenye foleni ya kupima majani ukiwakoholea wenzako, kwani wiki ijayo hakutakuwa na wa kukusaidia.

## Ng'ombe naye

Wengi hawafikirii zizi wanapozungumza juu ya antibayotiki, na huko ndiko zinakotumika kwa uhuru kuliko kwa kemisti. Ng'ombe akivimba kiwele, tunakimbilia agroveti, tunajidungia wenyewe, na jioni maziwa yanaingia sufuriani.

Kibandiko cha dawa huandika siku ambazo maziwa hayafai kunywewa wala kuuzwa. Zihesabu kuanzia dozi ya mwisho, si ya kwanza. Kuchemsha hakuondoi dawa zote. Atengenezaye mursik huliona hili kwa macho: umesafisha sotet, yaani kibuyu, vizuri, umeipaka mkaa wa mti wa senetwet, umeweka maziwa, na siku zinapita hayagandi inavyostahili. Mojawapo ya sababu ni dawa iliyobaki kwenye maziwa, iliyowaua bakteria wanaoyagandisha. Maziwa hayo yakimwagwa ni hasara ya siku chache. Yakinywewa na familia, mnameza antibayotiki bila cheti, kidogokidogo.

## Kinga halisi iko kliniki

Kwa anayeuliza namna ya kuinua kinga dhidi ya magonjwa ya kifua, jibu langu ni chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokokasi mwaka 2011, na ya rotavirusi, inayozuia kuhara kukali, mwaka 2014. Nimokokasi hupewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Pamoja na pentavalenti na surua, chanjo hizi humpunguzia mtoto magonjwa ambayo yangemfikisha kwenye antibayotiki. Katika vituo vya serikali hutolewa bure. Kama wako alikosa dozi kwa sababu mlihama shamba au ulikuwa kazini, muuguzi hatakuuliza kwa nini umechelewa kabla ya kukusaidia. Chukua kijitabu chake, mfike kliniki wiki hii.